Laki saba ya mshahara au laki nane ya kujitegemea? Hesabu ya nesi wa Isaka

Mwenye zahanati akimwambia nesi, "Sista, mshahara wangu ni laki saba, ila ukikubali kuwa wa kujitegemea nakupa laki nane," wengi hawaulizi swali la pili. Laki nane ni kubwa kuliko laki saba, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Tena kwenye laki nane hakuna makato ya NSSF wala ile kodi inayoonekana kila mwezi kwenye salari slipu. Hela inaingia kwenye simu ikiwa karibu nzima.

Makala haya yanapiga hesabu ambayo maongezi ya namna hiyo huiruka. Nimeichagua Isaka, mkoani Shinyanga, kwa sababu ni mji unaoishi kwa kazi za mikataba kuliko kwa ajira za kudumu. Kuna bandari kavu inayopokea mizigo ya Rwanda na Burundi, na malori yanayoingia usiku kucha. Kipande cha reli ya SGR kutoka Mwanza, kilomita 341, kilianza kujengwa mwaka 2021, na mkataba wa kile cha kutoka Tabora, kilomita 165, ukasainiwa mwaka uliofuata. Ndani ya Msalala, halmashauri ilimo Isaka, upo mgodi wa Bulyanhulu. Upande wa Nzega, kule Sojo, kuna kiwanda cha kupaka mabomba ya bomba la mafuta ghafi. Ukienda Kahama unakuta Buzwagi iliyofungwa 2021, na ukiendelea unaingia mkoa wa Geita. Kila kambi kati ya hizi inahitaji mtu wa kufunga kidonda, kupima malaria na kukimbiza majeruhi hospitali, na pembeni ya barabara kuu zahanati na maduka ya dawa muhimu yanamhitaji mtu huyo huyo. Kazi zipo, lakini karatasi zinazoambatana na kazi hizo hazifanani.

Tuanze kwa kuondoa mkanganyiko mmoja unaowagharimu watu fedha. Tabibu anayesema "niko kwenye mkataba" anaweza kuwa katika hali mbili zisizo na undugu. Akiwa na mkataba wa miaka miwili, wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, yeye ni mwajiriwa kamili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautambua mkataba wa kipindi maalumu kwa wanataaluma, na haki zake za likizo, ugonjwa, NSSF na saa za ziada haziguswi na tarehe ya mwisho. Akiwa na karatasi inayomwita mtoa huduma, mshauri au mkandarasi, hana hata moja ya hizo. Katikati yao yuko mtu wa deiwaka, anayeitwa zamu kwa zamu na kulipwa mkononi asubuhi anapotoka. Huyu mara nyingi hana karatasi yoyote.

Sasa hesabu. Takwimu za malipo ni za mfano, lakini viwango vya makato ni vya sheria.

Mwajiriwa wa laki saba anakatwa asilimia 10 kwenda NSSF, yaani 70,000. Kodi ya mshahara inatozwa kwenye 630,000 zinazobaki. Hapo 270,000 za kwanza hazina kodi, 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, na 110,000 za juu yake asilimia 20. Jumla ni 42,000. Anaondoka na 588,000 kwa mwezi, au 7,056,000 kwa mwaka. Mwajiri naye anaweka 70,000 nyingine NSSF, pamoja na asilimia 0.5 ya mshahara kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambayo hapa ni 3,500. Kwa hiyo nesi huyu anamgharimu mwenye zahanati 773,500 kila mwezi. Mwajiri akiwa na wafanyakazi 10 au zaidi, tozo ya kuendeleza ufundi stadi inaongezeka juu yake.

Anayejitegemea kwa laki nane anakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 40,000, na kupokea 760,000. Hapo ndipo watu wengi wanapofunga daftari, kwa kuwa 760,000 dhidi ya 588,000 ni ushindi wa 172,000 kila mwezi.

Kodi ya zuio si kodi ya mwisho, ni malipo ya awali tu. Mwisho wa mwaka anayejitegemea anatakiwa kuwasilisha ritani TRA na kulipa kwa viwango vile vile vya mtu binafsi. Halafu hana likizo yenye malipo. Mwajiriwa anapata siku 28 kwa mwaka huku mshahara ukiendelea kuingia. Anayejitegemea akipumzika siku 28, mwezi huo haumlipi kitu, na mwaka wake una miezi 11 ya malipo: 8,800,000. Kodi ya kiasi hicho, kama hana gharama za kutoa, ni 752,000. Zuio limeshachukua 440,000, kwa hiyo anadaiwa 312,000 nyingine. Anabaki na 8,048,000. Bado hajaweka akiba ya uzee. Mwenzake ana 140,000 zinazoingia NSSF kila mwezi kwa jina lake, 70,000 kutoka kwake na 70,000 kutoka kwa mwajiri. Ili naye awe na akiba inayolingana, lazima atenge 1,680,000 kwa mwaka. Zinabaki 6,368,000.

Yaani yule wa laki nane yuko nyuma ya yule wa laki saba kwa 688,000 kwa mwaka. Bado hatujagusa ugonjwa, uzazi wala zamu za usiku.

Mtu ataniambia: hakuna anayeweka hiyo akiba, kila mtu anaila. Ndiyo, najua. Lakini kuila hakuifanyi kuwa faida. Pensheni ya NSSF inadai miezi 180 ya michango, na mwezi ambao hukuchangia haurudi. Pia kuna fao la kukosa ajira kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi, na katika mji ambao kambi hufungwa mradi unapokwisha, fao hilo si la kudharau. Anayejitegemea anaruhusiwa kujiandikisha NSSF kwa hiari na kuchangia mwenyewe. Nampongeza anayefanya hivyo. Ajue tu kwamba anabeba mzigo wa watu wawili.

Upande wa mwenye zahanati hesabu inapendeza zaidi. Mwajiriwa wa laki saba anamgharimu 9,282,000 kwa mwaka. Mkandarasi wa laki nane, kwa miezi 11, anamgharimu 8,800,000. Ile laki ya nyongeza iliyoonekana kama ukarimu imemwachia akiba ya 482,000, ambayo inatosha kumlipa mtu wa deiwaka wakati nesi amepumzika. Simlaumu kwa kujua hesabu, ila nesi naye azijue.

Eneo ambalo anayejitegemea anapoteza zaidi si pensheni. Ni saa. Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi ni saa za ziada, zinalipwa mara moja na nusu, na hazitakiwi kuzidi 50 katika kila wiki nne. Saa za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu zinalipwa mara mbili. Gawanya laki saba kwa saa 195 za mwezi unapata takribani 3,590 kwa saa. Saa ya ziada ni 5,385. Zahanati ya barabarani inayofunguliwa saa 24 ikiwa na manesi watatu haiwezi kuepuka saa za ziada, na akizifikia 50 kwa wiki nne, mwajiriwa ana takribani 269,000 juu ya mshahara wake, kabla ya kodi. Mkandarasi aliyesaini "malipo ya jumla kwa mwezi" analala kituoni kwa laki nane ile ile. Hapa mwajiri makini atakuonyesha makubaliano ya kubana wiki, ambayo sheria inayaruhusu: kwa maandishi, zamu inaweza kufika saa 12 kwa siku bila saa ya ziada, kwa masharti, likiwamo la siku tano na saa 45 kwa wiki. Ni makubaliano halali. Soma idadi ya siku kabla ya kusaini.

Uzazi nao una bei. Mwajiriwa ana siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa mshahara wa laki saba, siku 84 ni karibu 1,960,000. Mkunga anayejitegemea anazalisha wake za watu mwaka mzima, na siku yake ikifika halipwi hata shilingi. Ugonjwa ni hivyo hivyo. Mwajiriwa ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Mwenzake ana dawa zake na deni la duka.

Halafu sindano. Kuchomwa na sindano iliyotumika si jambo la nadra katika kazi hii. Dawa kinga ya VVU inatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na hiyo kituo chenye huduma hiyo kitakupa bila kuuliza mkataba wako. Kinachotofautiana ni kinachofuata ukiugua homa ya ini, au mgongo ukikatika kwa kumnyanyua mgonjwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inamhusu mwajiriwa, na mchango wote ni wa mwajiri. Ukiumia kazini, WCF inalipa matibabu na sehemu ya mshahara kwa muda uliolala. Mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja tu naye anatakiwa kujiandikisha. Kwa mkandarasi mlango huo haupo. Anayetaka ulinzi wa namna hiyo anunue bima yake ya ajali, na bei yake aiingize kwenye madai yake ya malipo.

Upo upande wa pili wa sindano ambao watu wa afya hawapendi kuuzungumza: kosa lako kwa mgonjwa. Muuguzi mwajiriwa akikosea akiwa kazini, mgonjwa anaweza kumdai mwajiri wake, kwa sababu mwajiri anabeba dhamana ya matendo ya mtumishi wake. Karatasi ya ukandarasi kwa kawaida ina mstari mdogo unaosema mtoa huduma atawajibika mwenyewe kwa hasara yoyote. Mstari huo hauna bei kwenye ofa, lakini ndio ghali kuliko yote. Mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, au Baraza la Madaktari Tanganyika, kila mtu anasimama na leseni yake, mwajiriwa au la. Kwenye madai ya fedha ndipo wanapoachana.

Je, jina lililoandikwa kwenye karatasi ndilo linaloamua? Hapana, na hili ndilo ningependa kila nesi wa barabara hii kuu ya kwenda Rusumo alijue. Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya 2004, kifungu cha 61 kama kilivyotungwa, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba wake una umbo gani, ikiwa lipo hata jambo moja katika haya: namna yake ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi, amefanya kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea huyo mwingine kwa kipato, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Soma tena orodha hiyo ukiwa na picha ya zahanati kichwani. Nesi mwenye ratiba ya zamu, sare ya kituo, mashine ya presha ya kituo na bosi mmoja anatimiza karibu yote. Saa 45 za mwezi mzima anazimaliza ndani ya zamu nne za saa 12.

Kwa hiyo wengi wanaoitwa wa kujitegemea pale Isaka, ukiwapitisha kwenye kipimo hicho, ni waajiriwa waliovuliwa haki zao kwa kalamu. Shida ni kwamba haki hiyo hudaiwa baada ya kufarakana, mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na siku ni chache. Anayelalamikia kuachishwa isivyo haki ana siku 30, kwa madai mengine ana siku 60, na kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu aliye chini ya miezi sita kazini. Mwenye busara huanza kutunza ushahidi siku ya kwanza: picha za ratiba ya zamu, ujumbe wa kundi la WhatsApp unaosema nani aingie usiku, miamala ya malipo, kitambulisho cha kituo. Ukiwa huna karatasi kabisa usikate tamaa. Mwajiri ndiye anayetakiwa kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaleta mbele ya tume, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake.

Nisieleweke kwamba kujitegemea ni utapeli. Kuna watu ambao ndiyo njia yao sahihi, na mfano mzuri ni mpiga ultrasaundi. Ana mashine yake ndogo ya kubeba. Jumatatu yuko Isaka, Jumanne Kagongwa, Jumatano na Alhamisi Kahama, Ijumaa Tinde, na kila kituo kinamlipa kwa kila mgonjwa aliyempima. Bei anaipanga yeye, siku anazipanga yeye, na kituo kimoja kikimkasirisha anakiacha bila kulala njaa. Zahanati ndogo haina wagonjwa wa kumlipa mtu huyu mshahara wa mwezi, na yeye mwenyewe mshahara wa kituo kimoja ungemfunga. Vivyo hivyo daktari bingwa wa wanawake anayekuja Jumamosi mbili kwa mwezi, na fundi wa mashine za maabara. Hawa wana wateja. Nesi wa zamu ana bosi.

Anayechagua njia hiyo na ailipie gharama zake waziwazi: namba ya mlipa kodi, makadirio ya kodi ya mwaka, ritani, na daftari la gharama. Mafuta ya pikipiki, jeli, karatasi za picha, matengenezo ya mashine na leseni ni gharama zinazopunguza kodi ukiwa na risiti. Jambo moja linawaumiza wengi, nalo ni hati ya kodi ya zuio. Kila anayekukata asilimia 5 anatakiwa kukupa hati hiyo. Bila hati, mbele ya TRA ni kama hukukatwa kitu, na utalipa mara ya pili. Hati ombeni mwezi huo huo, msisubiri Desemba.

Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo asisahau deni lake. Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na inamuuma kila mwezi. Anayejitegemea haoni makato, akadhani amepona, kumbe deni limekaa palepale na yeye ndiye anayetakiwa kulipeleka.

Mtu mwingine wa kumtazama kwa jicho tofauti ni mtumishi wa serikali anayepiga deiwaka baada ya saa zake. Huyu ana PSSSF, ambako mwajiri wake anaweka asilimia 15 na yeye 5. Ana bima ya NHIF, ana likizo, na tangu Julai 2025 kima cha chini cha utumishi wa umma ni 500,000. Zahanati ikimpa shilingi kadhaa kwa zamu, kwake ni nyongeza juu ya msingi uliokwisha jengwa, hivyo anaweza kukubali bei ambayo nesi asiye na ajira haimtoshi. Wawili hao wakikaa chumba kimoja usiku mmoja kwa malipo sawa, hawajalipwa sawa. Ndiyo sababu bei ya deiwaka mjini isiwe kipimo cha mtu anayetegemea zahanati hiyo peke yake.

Kambini mambo yana ngazi nyingi zaidi. Mwenye mgodi au mradi anampa kazi mkandarasi mkuu, mkandarasi anaita kampuni ya huduma za afya, na kampuni inapitia wakala wa kutafuta watu. Kanuni za 2018 zinazodai migodi itumie huduma za Watanzania zimefungua nafasi kwa kampuni za hapa nyumbani, jambo ninaloliunga mkono, lakini kila ngazi inakata chake kabla fedha haijamfikia tabibu. Mwaka 2014 serikali ilitoa kanuni za mawakala binafsi wa ajira, na msingi wake ni kwamba wakala anaunganisha mtafuta kazi na mwajiri. Si yeye anayebaki kuwa mwajiri wa watu wanaofanya kazi kwa mwingine. Kwa hiyo ukiitwa kambini, swali la kwanza lisiwe posho ya chakula. Uliza ni jina la nani litakalosomeka kwenye michango yako ya NSSF, na baada ya mwezi mmoja angalia kwenye taarifa yako kama kweli linasomeka. Kwa kazi za kambi, mkataba wa ajira wa kipindi maalumu ndio bora kuliko vyote. Mradi una mwisho na mkataba una mwisho, lakini katikati yake umelindwa. Migodi nayo hufungwa. Buzwagi ilianza uzalishaji 2009 na ikafunga miaka 12 baadaye. Mwajiriwa anayeachishwa kwa sababu ya namna hiyo ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10, pamoja na notisi au malipo yake na likizo asiyoitumia. Mkandarasi ana ankara yake ya mwisho, kama italipwa.

Wanaojitolea kwa posho katika vituo vya umma, na wahudumu wa afya ya jamii ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024, wana habari yao ndefu. Kwa ufupi, kujitolea ni njia ya kupata uzoefu wakati unasubiri tangazo kwenye mfumo wa ajira za serikali. Usikuchukulie kama chaguo la kipato.

Sekta binafsi ya afya kwetu ni changa. Sheria ya 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, na mlango ukafunguliwa tena kwa marekebisho ya 1991. Labda ndiyo sababu wamiliki wengi walijifunza kuendesha zahanati kabla hawajajifunza kuajiri. Wengine si wabaya hata kidogo. Wanaogopa tu makaratasi ya NSSF na WCF. Kwa mwajiri wa namna hiyo, nesi anayekwenda na hesabu iliyoandikwa hupata zaidi kuliko anayekwenda na malalamiko. "Mzee, mimi naomba ajira ya laki saba yenye michango, au kama ni kujitegemea basi iwe laki tisa na saa za ziada tuzipatane." Hiyo ni lugha anayoielewa mfanyabiashara.

Laki tisa nimeipata hivi. Ili anayejitegemea afikie pale alipo mwajiriwa wa laki saba baada ya kodi, mwezi wa likizo na akiba ya uzee, anahitaji takribani 881,000 kwa mwezi. Weka kiinua mgongo, unakaribia 900,000. Ni ongezeko la karibu asilimia 30, na kanuni hiyo unaweza kuitumia kwa kukadiria mishahara mingine iliyo karibu na huo. Kama zamu ni za usiku na saa za ziada zinafika 50 kwa wiki nne, ofa inayolingana inapita milioni 1.1. Ikiwa una umri wa kuzaa na unapanga mtoto, ongeza tena. Upande wa chini kabisa, kumbuka kwamba kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, kilichopandishwa kuanzia 1 Januari 2026 kwa wastani wa asilimia 33.4, kinamlinda mwajiriwa peke yake.

Uamuzi wangu ni huu. Kama una kituo kimoja, zamu za kupangiwa na vifaa vya mwenye kituo, chukua mshahara, hata ukiwa mdogo kwa laki nzima. Kama una mashine yako na vituo viwili au zaidi vinavyokulipa, jitegemee, na uweke vitabu. Na uliyekwisha saini ukandarasi wakati kazi yako ni ya zamu, usisubiri ugomvi: peleka nakala ya mkataba kwa afisa kazi wa mkoa, Shinyanga, umuulize hali yako ikoje chini ya kipimo nilichokieleza. Ukija kuachishwa, hesabu siku zako 30 za CMA kuanzia siku hiyo hiyo.